Jina la Kuitiwa Chakula

Kila kiangazi, kabla chungu cha kwanza hakijatelekwa, kambi nzima ilisimama ukingoni mwa mto, ikaligeukia lile jabali jekundu la ng'ambo na kuwaita wafu wake. Aliyeita alikuwa Bi Kiberiti, mkuu wa kambi, kwa kuwa alijaliwa sauti ya kuamsha mtaa mzima na hakuwa na haya ya kuitumia. Aliita jina moja, akanyamaza, akaliachia jabali nafasi ya kujibu.

"Kahawa Baridiii!"

"Baridiii," likarudisha jabali. Wazee wakavua kofia zao za manyoya, wakatabasamu. Waliomjua Kahawa Baridi waliapa kwamba ni yeye kabisa, anaitikia huku kinywa kimejaa.

Norval Stensrud alikuwa mstari wa mbele, gobore mkononi, akingoja zamu yake. Jina la mwisho mwaka huu lilikuwa la Buti Moja, aliyefariki wakati wa theluji. Mila ilitaka rafiki wa marehemu afyatue baruti tupu, pasipo risasi, jabali likishajibu. Rafiki huyo ni nani, hakuna aliyehitaji kuuliza. Misimu yote ile wawili hao walipiga mahema yao ubavu kwa ubavu, na ukimwona mmoja na kikombe ujue mwenzake yuko nyuma anaomba sukari.

Lakini wakati majina yakiendelea kuitwa, Norval hakuwa akimfikiria Buti Moja peke yake. Alikuwa akifikiria lililotokea mwaka uliopita, walipofika kwa marehemu mmoja mpole aliyekufa kabla kambi haijampa jina. Bi Kiberiti hakuwa na la kufanya. Ilibidi aite jina la leseni, lile ambalo serikali inamjua mtu kwalo. Jabali lilinguruma kidogo tu, kama karani aliyeulizwa swali wakati anafunga dirisha, na watu wakatazama viatu vyao. Tangu siku hiyo kijibaridi fulani kilikuwa kimemwingia Norval mbavuni, na hakikutoka. Mkewe alikwishatangulia. Watoto walikuwa mbali, watu wa kupiga simu siku za sikukuu. Kama kuna mahali duniani ambapo angeitwa kwa sauti akiwa hayupo, palikuwa hapa. Na hapa, baada ya miaka yote hiyo, yeye bado alikuwa Norval.

Si kwamba watu hawakumpenda. Kwa wiki moja kila kiangazi madaktari wa meno, madereva wa basi na wastaafu wa kila aina waliiacha karne yao kwenye maegesho ya magari nyuma ya kilima, wakavaa ngozi za kulungu walizoshona wenyewe, wakaishi kama wale wawinda ngozi waliokuwa wakikutana kwenye mabonde haya ya Wyoming, Marekani, zamani kuuza mali yao, kulewa na kutukanana. Wengi waliishi hivyo kwa kubabaisha, masanduku ya barafu yamefichwa chini ya mablanketi. Norval hakubabaisha. Uzi wake ulikuwa wa mshipa wa mnyama. Moto wake ulishika kwa cheche ya kwanza. Hema lake halikuvuja. Na hapo ndipo mkosi wake ulipolala, kwa sababu jina la kambini hupatikana kwa aibu, mbele ya mashahidi.

Bi Kiberiti alilipata lake mwaka wake wa kwanza, alipowaringia wote kwa kuwasha moto kwa jiwe la gumegume chini ya dakika moja, mpaka kiberiti kilipomdondoka kutoka kwenye sketi. Malaika, jitu lenye ndevu kama fagio, alianguka kutoka mtini akitundika nyama, akatoboa paa la hema na kutua katikati ya mchungaji na mkewe waliokuwa wakisali. Kujiita mwenyewe ni marufuku. Daktari mmoja wa meno alifika akijitambulisha kuwa ni Tai wa Radi. Tangu hapo mpaka leo anaitwa Kuku wa Jumapili, na mkewe humwita hivyo hata dukani.

Kwa nini basi Norval hakupata? Gumzo la kambi lilikuwa na jibu, ila lilisemwa nyuma ya mgongo wake. Norval alikuwa mpima barabara wa wilaya maisha yake yote, na ugonjwa wa kupima haukustaafu pamoja naye. Hadithi ikianza kunoga, yeye huirekebisha. Mwaka ule Buti Moja alipotokea vichakani alfajiri akikimbia na buti la mguu mmoja, akipiga yowe kwamba dubu yuko nyuma yake, kambi ililia kwa kicheko na jina likazaliwa pale pale. Norval alitoka na ndoo yake, akarudi, akatangaza mbele ya watu wanaokula: "Nimeangalia nyayo. Zina kwato. Alikuwa ng'ombe mweusi wa shamba la jirani."

Vijiko vilisimama. Aliyeokoa hali alikuwa Buti Moja mwenyewe: "Ndugu yangu Norval, wewe hata kwenye gharika ya Nuhu ungekuwa unapima kina cha maji!"

Na majina yake mwenyewe aliyaua vivyo hivyo. Mara pembe ya blanketi lake iliungua, wakaanza kumwita Moshi. Akaeleza mwelekeo wa upepo mpaka jina likafa kwa uchovu. Kiangazi kilichopita alikata tamaa, akajiangusha mtoni makusudi mbele ya watu wote. Malaika alimtoa majini kwa ukosi, akamnong'oneza kwa upole, "Mzee, mtu anayeanguka kwa bahati mbaya hakunji koti lake kwanza akaliweka juu ya jiwe."

"Norval." Ilikuwa sauti ya Bi Kiberiti. "Zamu yetu."

Akalikamata gobore. Akamimina baruti, akatia kipande cha kitambaa, akauchomoa mdeki chini ya mtutu na kuanza kushindilia. Mdeki huo, fimbo nyembamba ya mti mgumu yenye ncha ya shaba, aliuchonga mwenyewe. Karibu na ncha ulikuwa na alama za meno. Meno ya Buti Moja. Kila mwaka, mashindano yakikaribia, jamaa huyo alikuwa ameshapoteza wa kwake, naye hunyoosha mkono bila hata kugeuka: "Hebu niazime mdeki wako, ndugu yangu." Na akishauchukua huutafuna akiwa anawaza, kama mtoto na penseli. Kuurudisha ilikuwa shughuli nyingine. Norval alikuwa akiufuata hema kwa hema akilalamika, na kumbe alikuwa akiyapenda malalamiko hayo kuliko mashindano yenyewe.

"Buti Mojaaa!"

"Mojaaa," likasema jabali, kana kwamba mwenyewe yuko huko juu anatafuta buti la pili.

Norval alihisi upande wake wa kulia ukiwa wazi, mahali pale ambapo mkono ungenyooshwa. Palikuwa wazi sana. Macho yakajaa machozi. Akainua gobore kuelekea mawinguni, akafyatua.

Mlio haukuwa ule uliozoeleka. Kitu kirefu kilichomoka katika moshi kikipiga mluzi, shaba ikamulikwa na jua mara moja, kikapanda juu ya vilele vya mierebi, kikaendelea kupanda, kisha macho ya watu yakakipoteza. Norval aliutazama mtutu wake, akapapasa chini yake, mahali pa mdeki. Hapakuwa na kitu. Alikuwa ameusahau ndani. Kosa la mtoto mchanga wa magobore, kosa ambalo yeye ndiye aliyewafundisha wageni kulikwepa.

"Mungu wangu," alisema Leota Bascom, dereva wa basi la shule kutoka Nebraska, ambaye hii ilikuwa kambi yake ya kwanza. "Amerusha nini?"

Malaika alikuwa bado ameangalia juu, ndevu zimelowa machozi. "Mdeki," akasema. "Jamaa kafika huko, kaanza kazi yake ya kuazima. Na huyu kampelekea."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja kama maji yaliyovunja kingo. Watu walicheka huku wanalia, wakashikana mabega. Kuku wa Jumapili aliketi chini kabisa. Norval akafungua kinywa. Alikuwa nayo yote tayari: uzito wa fimbo, uchache wa baruti, pembe ya mtutu, na ukweli kwamba kitu kama kile hakiwezi kwenda mbali zaidi ya ile mierebi ya...

"Norval," alisema Bi Kiberiti, akijipangusa pua kwa ncha ya shali. "Nakuomba kwa heshima zote. Nyamaza."

Norval akafunga kinywa, vipimo vyake vyote vikabaki ndani.

Mchana hadithi ilikuwa imekwisha kuota miguu. Kwenye moto wa kwanza mdeki ulikuwa umepita juu ya jabali; kwenye moto wa pili ulikuwa umeonekana ukipokelewa. Jua lilipoanza kuteremka Norval aliketi na wageni akinoa kisu, na harufu ya mchuzi wa nyama ikavuka uwanja kutoka kwenye moto wa Bi Kiberiti.

"Tarishi!" mtu aliita. "Wewe Tarishi! Njoo ule kabla Malaika hajalamba chungu!"

Norval aliendelea kunoa.

"Mzee," alisema Leota, akimgusa kiwiko. "Nadhani unaitwa wewe."

Alisimama haraka mno, kisu kikamwanguka. Kila mtu wa kambi anaijua sheria hii: jina halijawa jina mpaka uitiwe chakula kwalo, kutoka moto ambao si wako. Na lina sharti lake. Likifika siku ya kuvunja kambi bila hadithi yake kupasuka na watu kuacha kuisadiki, limekuwa lako mpaka jabalini. Ikipasuka mapema, unarudi mwanzo. Aliuvuka uwanja ule akitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni.

"Kaa hapa," alisema Bi Kiberiti, akimsogezea gogo. "Maharage au nyama?"

"Vyovyote," alisema, na sauti ikamkatika, na wote wakajifanya wanatafuta chumvi.

Wiki ilikwenda. Wageni walitumwa kwa utani kuutafuta mdeki, wakarudi mikono mitupu, na kila walivyorudi hivyo mbingu zilizidi kuuhodhi. Norval aliazima mdeki wa Malaika kwa mashindano, akashika nafasi ya pili, na alipoulizwa wake uko wapi alionyesha juu kwa kidole gumba.

Asubuhi ya mwisho, mahema yakiwa tayari yameanza kulazwa, alishuka kuchota maji. Njia ya kawaida ilikuwa imegeuzwa matope na farasi, basi akazunguka nyuma ya mierebi, mahali penye kinamasi ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kupita. Na hapo akauona.

Ulikuwa umesimama wima katikati ya manyasi, ncha ya shaba imezama topeni. Ndege mweusi mwenye mabega mekundu alikuwa ametua juu yake, anaimba kama aliyelipia kiwanja.

Jicho la mpima barabara lilifanya kazi yake kabla moyo haujaingia. Ilikuwa karibu. Karibu mno, karibu ya kutia aibu; kutoka mahali alipofyatulia hata mtoto angeweza kurusha jiwe likafika. Akaingia kwenye maji mpaka vifundoni. Ndege akaruka. Akainama, akaona alama za meno, safu ndogo ya vishimo palipoanzia shaba. Akaweka kidole gumba juu yake. Hakuwa na kitu kingine chochote cha Buti Moja. Familia ilikuja kuchukua hema, buti na vyote. Kuuvuta tu. Angeuficha ndani ya blanketi, aende nao nyumbani, autundike juu ya meko. Na kiangazi kijacho mtu angemtembelea, akauliza, naye, alivyojijua, angejibu.

"Tarishi?" Leota alikuwa upande wa pili wa mierebi, ndoo yake ikigongana na magoti. "Uko huko? Kuna nini?"

Alisimama wima, akaupa mdeki mgongo.

"Ndege tu," alisema. "Wana kiota. Tusiwasumbue."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutoa taarifa ya uwanjani isiyo kamili. Alingoja kitu kianguke. Hakikuanguka. Akatoka majini bila kugeuka, makubazi yake yakilia chubwi chubwi, na nyuma yake akasikia yule ndege akirudi mahali pake na kuendelea alipoachia.

Wakapanda pamoja kuelekea kambini, ndoo zimejaa. Moshi wa mwisho wa kahawa ulikuwa umelala juu ya nyasi. Leota alikuwa mwenye maswali. Wiki nzima alikuwa akikusanya majina kama mtu anayeokota matunda, kwa kuwa yeye mwenyewe bado hakuwa nalo.

"Huyo Buti Moja," alisema. "Wengine wananiambia alikimbizwa na dubu. Kuku wa Jumapili anasema kuna mtu alikwenda akaangalia nyayo, eti ni ng'ombe. Wewe ulikuwa rafiki yake. Ilikuwa nini hasa?"

Norval alilitazama jabali. Jua la asubuhi lilikuwa limelishika lote, likaonekana kama linasikiliza.

"Dubu," alisema.

"Mkubwa?"

Tarishi akatua ndoo zake chini, ili apate mikono miwili ya kuonyeshea.