Sakafu ya Fundi wa Frimasoni

Siku hizi Kikwajuni husikii tena sauti ya vipande. Saruji imeingia, na saruji haihitaji watu wengi. Zamani mtu akijenga nyumba ya mawe, akishapanga boriti za mikoko na kulaza mawe juu yake, alimwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto. Kisha watu wakapanda juu na kuipiga kwa vipande, magongo mafupi yenye kichwa bapa, wanaume kwa wanawake, huku wakiimba. Ilipigwa kutwa, na kesho yake tena, mpaka ikashikana kama jiwe moja. Ikipigwa na watu wachache ilikauka kabla ya kushikana, ikapasuka, na masika ya kwanza yakapita ndani. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kuezeka nyumba ya mawe akiwa amesusiwa na mtaa wake.

Msabah alikaribia kulijua hilo kwa uchungu, katika mwaka wa uchaguzi wa mwanzo, hamsini na saba.

Alikuwa mwashi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi ni seremala. Boriti za nyumba yake nilizichonga mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili tu, aliyoijenga polepole kwa ajili ya binti yake Shemsa, ambaye alikuwa aolewe Mfunguo Tatu, mwezi wa hija. Kuta zilisimama. Chokaa ilikuwa imeshalowekwa shimoni, imelainika kama samli. Ilibaki kupiga sakafu ya juu, ndiyo paa lenyewe.

Basi katika miezi ile Msabah aliitwa Mji Mkongwe kutengeneza nyumba ya Frimasoni, ambayo paa lake lilikuwa likivuja. Sisi tuliijua kwa nje tu: mlango uliofungwa daima, na juu yake alama iliyochongwa, bikari na chuma cha kupimia pembe. Zana hizo hizo Msabah alizibeba kila siku kwenye pakacha lake. Mtaani watu walisema mengi juu ya nyumba ile. Wengine walisema ndani mna jeneza, wengine fuvu la kichwa, na kwamba anayeingia hula kiapo akafungwa ulimi.

Aliyekuwa akimfungulia mlango ni mzee wa Kiparsi aitwaye Rustam, mpole, mwenye kofia ndefu nyeusi. Saa ya chai alikaa naye kizingitini wakazungumza. Na Msabah, ambaye hakuna alilolipenda kama hadithi, jioni alituletea barazani kila alichosikia.

"Yakhe, mnajua walikotoka watu hawa?" alituuliza jioni moja, kikombe cha kahawa mkononi. "Mzee Rustam anasema asili yao ni waashi. Waashi kama mimi! Wakati Nabii Suleiman anajenga Baitul Maqdis, alikuwa na fundi mkuu aliyejua neno la siri la ufundi. Wafanyakazi watatu wakamvizia, wakamwambia: tupe neno. Akakataa. Wakamuua kwa nyundo."

"Na wewe ukasema nini?" nikamuuliza.

"Nkamwambia, mzee wangu, sie tumesoma kwamba Nabii Suleiman alijengewa na majini. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema, basi kumbe majini nao walikuwa na msimamizi."

Tulicheka wote, isipokuwa Jecha.

Jecha alikuwa mtu wa chama. Simlaumu. Mwaka ule kila mtu alikuwa mtu wa chama, na yeye alikuwa na akili na moyo, na alichoka kuona kila kikubwa kinaamuliwa mahali asipoweza kuingia. Aliweka kikombe chini.

"Mnacheka," alisema. "Nyie mnajua nani anaingia katika nyumba ile? Wazungu wakubwa wa serikali, majaji, matajiri. Huko Ulaya watu hao wamepindua wafalme. Tutapiga kura weye, tutajipanga foleni juani, kumbe kura imeshahesabiwa ndani ya nyumba ile."

"Hata mie nlimuuliza hivyo hivyo," Msabah akasema. "Akanijibu: Fundi, sisi tungekuwa tunatawala dunia, paa letu lingevuja?"

Watu wakacheka tena. Lakini Jecha akamtazama kwa makini.

"Wamekufundisha na majibu," alisema. "Hadithi zao unazo. Bikari yao unayo. Kilichobaki nini, Msabah?"

"Kilichobaki kuvuja kwao, bado sijamaliza kuziba."

Ulikuwa mzaha, ila haukuchukuliwa hivyo. Baada ya wiki moja ilishasemwa mpaka Michenzani kwamba Msabah amekula kiapo. Kinyozi aliacha kumnyoa. Mke wa Msabah, Bi Mwatum, alikwenda kisimani wenzake wakanyamaza. Katika zama zile za siasa kususiana kulikuwa rahisi kama kufunga dirisha. Watu walisusiana hata mazikoni.

Hapo ndipo Msabah alipokwenda nyumba kwa nyumba kualika watu wa kupiga sakafu. Kila mmoja alimjibu kwa adabu kwamba ana udhuru. Mwisho Jecha alikuja kwake na wenzake wawili, na mimi nilikuwepo.

"Hatutaki kukudhulumu," Jecha alisema. "Apa tu. Ijumaa, msikitini, mbele ya watu, shika msahafu useme humo humo kwamba wewe si mmoja wao. Jumamosi utatuona sote juu ya nyumba yako."

Bi Mwatum, nyuma ya pazia, alisema, "Baba Shemsa, si uape? Kweli si yako?"

"Kweli ni yangu," Msabah alisema. "Ndiyo maana siapi. Miaka yote hii nasali safu moja na watu hawa. Leo nikiapa mie si Frimasoni, kesho wataniambia niape si mwizi, kesho kutwa niape kwamba Shemsa ni mwanangu. Msahafu haukuteremshwa kwa ajili ya maneno ya barazani."

"Na sakafu?" Jecha aliuliza.

"Chokaa hainiulizi mie nani. Itapigwa Jumamosi."

Walipoondoka Bi Mwatum alilia. Alikuwa na haki. Chokaa ile ilikuwa jasho la miaka, na posa ya Shemsa ilikuwa imefungamana na nyumba. Mchumba alikuwa mtu wa Kizimkazi, hana pa kumweka mke mjini.

Jumamosi asubuhi tulipanda juu sisi wachache: Msabah, Bi Mwatum, Shemsa mwenyewe, mimi na mke wangu, na wanawake wa Jambiani waliokuja na dada yake Bi Mwatum, aitwaye Mwanamkasi. Nafasi yote ile ilitutazama. Tulipoanza, vipande vyetu vilisikika kimoja kimoja, kama watu wanaobisha hodi nyumba isiyo na mtu. Chini, mtaani, milango ilikuwa wazi na watu wamekaa, wanasikia, hawainuki. Jua likapanda. Upande wa mashariki wa sakafu ulianza kufifia rangi, na Msabah akaunyunyizia maji mara kwa mara bila ya kusema neno. Sote tulijua kwamba hautangoja.

Kisha tukasikia ngazi inalia. Alipanda Bi Kazija, mama yake Jecha, ajuza mwembamba, buibui amelifunga kiunoni.

"Shikamoo, Bi Kazija," Msabah alisema kwa mshangao.

"Marahaba. Kipande kiko wapi? Mie nyumba yangu ilipopigwa sakafu, babako alikuwa mbele. Sikumuuliza kiapo."

Akajipanga katika safu, akaanza kupiga, na akatoa wimbo kwa sauti ambayo hatukudhani bado anayo:

*Mwanangu kashika siasa,
mamake kashika kipande;
anayeshiba maneno
na ajilalie upande.*

Wanawake wa Jambiani waliupokea kwa kishindo. Walikuwa hawamjui Jecha, lakini walijua wimbo wa kumkejeli mtu wanapousikia, na walimrudishia beti zao mpaka chini mtaani watu wakaanza kuziba midomo kwa kucheka.

Jecha alipanda ngazi mbio, uso umemwiva.

"Mama, shuka. Jua kali. Utaanguka."

"Nshapanda. We umekuja kunichukua au kunisaidia?"

"Mama, watu wanatazama!"

"Nawatazame. Wanaona mtoto wangu amesimama na mikono mitupu, mamake anapiga sakafu."

Kwetu sisi mtu anaweza kumsusia jirani, akamsusia hata ndugu, lakini hakuna anayeweza kusimama akimtazama mama yake anafanya kazi. Jecha alilijua hilo na Bi Kazija alilijua zaidi. Alichukua kipande kutoka mkononi mwa mama yake.

"Si kwa ajili yako," alimwambia Msabah.

"Kaa safu ya mashariki," Msabah akamjibu. "Pale panakauka."

Wenzake wawili wa Jecha walipomwona juu, walipanda. Kisha kinyozi. Adhuhuri tulikuwa tumejaa hata tukabanana, watu wa chama hiki na watu wa chama kile, na vipande vilianguka pamoja kwa sauti ile nzito ambayo mpaka leo, nikipita mtaani, masikio yangu huitafuta. Bi Kazija alikaa kivulini na kofia ya ukili kichwani, akiwasahihisha waliopiga kwa uvivu.

Sakafu ilishikana. Siku ya mwisho, chokaa imeng'aa na watu wanateremka mmoja mmoja, Msabah alimsubiri Jecha kwenye ngazi.

"Ahsante, Jecha."

"Usinishukuru. Mie bado sijakuamini."

"Basi njoo hivyo hivyo harusini."

Jecha alifuta chokaa usoni kwa mkono.

"Ntakuja na mama," alisema.