Kiungo cha Nane

Harufu ilimpokea Mikidadi mlangoni, hata kabla Bi Zulfa hajamkaribisha. Ilinuka kama uji uliochacha ndani ya kiatu kilicholowa.

"Sogea, fundi," Bi Zulfa alisema. "Umelitengeneza wewe, unaogopa nini kulifungua?"

Lilikuwa kasha la mninga lenye pembe nane, la kutunzia juzuu thelathini za madrasa ya Nandagala. Bi Zulfa aliliagiza kutoka karakana ya Mikidadi kule Nachingwea, liwe sadaka kwa ajili ya marehemu mumewe, na lilikuwa bado kwake likingoja kupelekwa. Mikidadi akainua kifuniko. Masika yalikuwa yameipasua pembe moja, na kwenye ufa ulikuwa unavuja ujiuji wa kijivu wenye ukungu wa kijani, funza wakijinyonganyonga ndani yake. Mende akakatiza juu ya juzuu ya mwisho, ambayo kurasa zake zilikuwa zimegandana. Mikidadi akatoka mbio, akatapika nyuma ya banda la kuku.

"Mume wangu alikuwa mtu safi," Bi Zulfa alimwambia aliporudi akijifuta mdomo. "Nzi mmoja tu akitua kwenye sahani, alikuwa hali tena."

Mikidadi akazitoa juzuu zote. Akalibeba kasha hadi Nachingwea likiwa limefungwa kwenye mfuko wa mbolea, na bado abiria wenzake walimgeuzia migongo.

Mbao zile zilikatwa na Faridi, mshirika wake, siku Mikidadi alipokwenda Mnero kumuuguza dada yake. Kasha la namna ile lina mbao nane, na kila ubao hukatwa mshazari ncha zote mbili, kwa nyuzi ishirini na mbili na nusu. Faridi aliulaza msumeno kwenye ishirini na tatu. Nusu nyuzi jicho haliioni. Irudie mara kumi na sita, zinakuwa nyuzi nane, na kiungo cha mwisho kinakataa kukutana. Faridi hakukata upya. Alikoroga unga wa muhogo, gundi na vumbi la mbao, akashindilia mwanya ule, akapaka vanishi juu.

"Lilifunga au halikufunga?" Faridi aliuliza Mikidadi alipoufungua mfuko karakanani, akiziba pua. "Acha presha, kaka. Nandagala nani anapima pembe?"

"Umemwekea marehemu uozo, Faridi! Umevilaza vitabu vya Mungu na funza!"

"Na wewe je? Uliporudi uliipapasa pembe ile kwa kidole gumba. Nilikuona. Ukanyamaza, ukaligonga muhuri wako."

Mikidadi akakitazama kidole chake. Ni kweli. Alikuwa ameusikia ulaini chini ya vanishi, akajisemea potelea mbali, safari ya kulipeleka Nandagala ni kesho. Kinyaa alichokuwa nacho kwa Faridi kikamgeukia yeye mwenyewe, na hicho hakikutapikika.

Kasha lile akalichoma. Kisha akachukua mabaki ya mbao, akakata vipande nane vya majaribio, akavizungusha na kuvibana kwa selotepu bila gundi. Mwanya ukabaki, mwembamba kama ukucha. Akausogeza msumeno unywele mmoja, akakata vingine nane. Bado. Mara ya nne akaviinua kuelekea dirishani, na hakuna kiungo kilichopitisha mwanga. Hapo ndipo alipougusa mninga.

"Nikushikie?" Faridi aliuliza.

"Usiguse."

Wiki ile ile Faridi akakusanya vifaa vyake, akahama.

Mikidadi alipompelekea kasha jipya, Bi Zulfa aliinama akanusa pembe zote nane, moja baada ya nyingine, bila haraka. Hakumshukuru.

"Hili sawa," alisema. "Sasa nenda madrasa, ukamweleze mwalimu mwenyewe kilichokuwa ndani ya lile la kwanza. Usipunguze."

Mikidadi akaenda. Akaeleza yote, funza na kidole gumba pia, huku mwalimu akirudi nyuma hatua moja moja hadi mgongo ukagota ukutani.