Kadi ya Akiba: Weka Mbali na Watoto

Duka la dawa lilikuwa limemfundisha mambo mawili: kuandika lebo, na kutomwamini mtu anayesema amemeza vidonge vyote. Kwa hiyo siku alipoamua kuziweka sawa fedha za nyumba yake, muuza dawa alirudi na lebo zile zile anazobandika kwenye chupa za wateja, akazipanga kadi tatu za benki mezani. Ya kwanza aliiandika BILI: kodi, umeme, maji, ada. Ya pili, MATUMIZI: kutwa mara tatu, baada ya kufikiri. Ya tatu ilikuwa AKIBA, na chini yake akaongeza kwa wino mwekundu: WEKA MBALI NA WATOTO. Kesho yake akayasajili majina hayo hayo benki.

"Na baba yao je?" aliuliza mumewe.

"Huyo ndiye wa kwanza."

Mume akacheka. Watu walimwita Baridi, kwa kuwa alikuwa fundi friji, na kwa kuwa hata umtukane hapandishi sauti. Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya mkewe ampende, na baada ya miaka kumi na mmoja ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikimpandisha mori. Utagombanaje na mtu anayekuuliza, katikati ya ugomvi, kama umeshakula?

Akiba ilikuwa na kazi moja tu. Mama yake muuza dawa alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na sasa alimtambua mtu kwa nyayo na sauti. Hospitali ilimpangia upasuaji tarehe kumi na nne, malipo yatangulie, elfu mia nne. Muuza dawa akapiga hesabu: elfu sitini kila mwezi kwa miezi saba, inatosha, na inabaki ya teksi. Hakufungua akaunti mpya. Aliifufua ile ya zamani, aliyofungua siku za chuo akiwa bado anakaa kwa mama, na akaipenda kwa sababu ilikuwa na adabu. Zile mbili zilimpigia kelele za meseji kutwa kucha. Akiba ilikaa kimya.

Kweli, mara moja moja, alipokuta BILI imepungukiwa, alisogeza kidogo kutoka huku kwenda kule. Lakini kusogeza si kutoa. Fedha haikuondoka nyumbani, ilihama chumba tu. Na aliirudisha, au alikusudia kuirudisha, jambo ambalo kwake lilikuwa karibu sawa.

Tarehe nane, siku sita kabla ya upasuaji, alikwenda kwenye mashine ya kutolea pesa iliyo jirani na duka lake. Kioo kikamwambia: elfu mia mbili sitini na tano. Akaichomoa kadi, akaifuta kwenye sketi, akairudisha. Elfu mia mbili sitini na tano. Nyuma yake mtu akakohoa kile kikohozi cha foleni.

Usiku huo hakulala. Asubuhi alimkuta Baridi jikoni akichemsha chai, akamtolea uvivu.

"Hela ya macho ya mama yangu iko wapi?"

"Si iko benki?"

"Imepungua elfu mia moja hamsini na tano. Kadi nimeificha kabatini, na kabati tunalijua wawili."

Baridi akazima jiko. "Mimi nilichukua mara moja, mwezi wa pili, ile elfu hamsini ya gesi ya friji za hoteli. Nilikwambia. Na niliirudisha."

"Ulisema umeirudisha."

"Niliirudisha, mama watoto."

"Wahenga hawakukosea. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aliyasema hayo watoto wakiwa mlangoni na mabegi mgongoni. Baridi akachukua sanduku lake la vifaa, akatoka. Chai yake ilibaki kwenye sufuria. Muuza dawa alitamani sana, safari hii, angalau aubamize mlango. Hakuubamiza.

Benki ilimpa namba mia moja na nne, na wakati huo walikuwa wakihudumia ya sitini na mbili. Kati ya madirisha matano lilifunguliwa moja, na kwenye la pili alikaa dada aliyekuwa akipanga kalamu zake kwa rangi. Kwa muda wa saa mbili na nusu muuza dawa alikaa kwenye kiti cha chuma, akimeza hasira zake moja moja kama vidonge visivyo na maji. Namba yake ilipoitwa, karani alimwambia mashine ya kuchapa taarifa ya akaunti ni mbovu tangu juzi.

"Basi nisomee kwenye kompyuta."

"Taratibu haziruhusu, dada. Lakini mbona unahangaika? Kila muamala tunakutumia meseji."

"Kwenye akaunti hii sijapata meseji hata moja!"

Karani akabonyeza, akainamia kioo. "Zinakwenda. Kwenye namba inayoishia na nne sita."

Nne sita ilikuwa simu ya mama. Alipofungua akaunti ile hakuwa na simu yake, akaandika ya nyumbani. Miezi yote saba mama yake, asiyeona, alikuwa akipokea habari za akiba ya macho yake.

"Nataka ibadilishwe sasa hivi."

"Jaza fomu hii," alisema karani. "Lakini laini si ya jina lako. Mwenye namba lazima aweke sahihi hapa chini. Ukirudi, chukua namba mpya mlangoni."

Akaikunja fomu bila kuaga. Njiani alikuwa amefura, akijisemea kwamba walau jambo moja litakwisha leo: meseji zitamwonyesha mwizi wake, na Baridi atakosa pa kujificha.

Mama alikuwa amekaa barazani kwake, mikono mapajani. Hatua chache kutoka mlangoni alikaa fundi viatu, mpangaji wa kibaraza hicho, misumari ikiwa imebanwa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatembea kwa hasira. Nani kakuudhi?"

Muuza dawa akaeleza, kuanzia mashine mpaka benki. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu kwenye fundo la khanga.

"Kila ikilia, fundi hunisomea," alisema. "Fundi, msomee dada yako."

Fundi viatu akatema misumari kiganjani, akajifuta vidole, akaishika simu mbali na uso. Aliyajua yale maneno kama mtu anayesoma barua aliyoisoma mara nyingi.

"Mwezi wa pili, imetoka elfu hamsini. Siku tisa baadaye imeingia elfu hamsini."

Hiyo ilikuwa gesi ya Baridi.

"Mwezi huo huo, imehamishwa elfu ishirini kwenda BILI, saa saba na dakika kumi mchana. Mwezi wa tatu, elfu arobaini kwenda BILI, saa saba na robo. Elfu kumi na tano kwenda MATUMIZI, saa saba. Mwezi wa nne, elfu ishirini na tano..."

Kila siku saa saba mchana duka la dawa lilifungwa kwa nusu saa. Mashine ilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Ishirini ilikuwa ya maji. Arobaini ilikuwa ya kodi. Kumi na tano, viatu alivyoviona dirishani, vyake mwenyewe, akasema atarudisha mwisho wa mwezi. Fundi aliendelea kusoma bila haraka, na kila alipotaja kiasi, muuza dawa alikumbuka siku yake, hata jua lake. Hakuna iliyokuwa imerudi.

"Inatosha," alisema.

"Imebaki moja."

"Inatosha, kaka."

Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Mimi sikukasirika. Nilijua maji yamezidi unga huko kwenu. Ndiyo maana jana nilimwomba fundi anipigie hospitali. Nimewaambia wasinisubiri, nafasi wampe mwingine."

"Mama! Wamesema nini?"

"Wamesema nyingine ni baada ya miezi minne. Jicho la kulia daktari alisema lisicheleweshwe, lakini ndiyo hivyo. Watoto wanahitaji kula."

Muuza dawa alilia pale pale barazani, kwa sauti, na fundi viatu akageukia kiatu ambacho hakikuwa na kasoro. Alipoweza kusema, alimpigia mumewe.

"Nilikuwa nachota mimi," alimwambia. "Yote. Nimekuonea mbele ya watoto."

Kwa upande wa pili friji ilinguruma, ikazimwa.

"Jioni utawaambia na wao," alisema Baridi. Kisha, baada ya kupumua, "Umekula?"

Mama naye alikuwa ameisikia karatasi ikikwaruza mkobani. "Hiyo ndiyo fomu ya benki? Lete niweke sahihi, usirudi mikono mitupu."

Akaiweka gotini. Kalamu ikatangatanga juu ya karatasi, ikapita mstari, ikatoka nje kabisa, ikachora alama kwenye khanga.

"Nishike mkono, mwanangu. Pa kutia sahihi sipaoni."

Muuza dawa akaivuta fomu taratibu, akaichana vipande vinne. Akamgeukia fundi viatu.

"Kaka, simu ya mama ikilia, endelea kumsomea kama kawaida."

"Haina shida."

"Na ikiwa imetoka hata elfu moja, nipigie. Nisomee na mimi."