Majibu ya Karimu

Mtu wa Tanga hamlalamikii mgeni. Awe kitandani, mguu mzito na mkono hauinuki, ukimuuliza hali atakwambia nzuri, alhamdulillah. Na Karimu alikuwa wa Tanga hasa, hata baada ya miaka mingi ya kuendesha spaza yake, kiduka cha mtaani, hapa Soweto.

Ndiyo maana Shufaa, mkewe, alikuwa amefura. Tangu kiharusi kiulaze mkono wa kulia wa Karimu, kliniki ilikuwa ikimpa mazoezi. Sasa nafasi zimepungua, na watabakizwa wale tu ambao dodoso linaonyesha bado wana shida. Jeptoo, binti wa Kikenya aliyetumwa na kliniki, alikuja mara ya kwanza akauliza: unavaa shati bila taabu? Alhamdulillah. Unakula na wenzako bila taabu? Alhamdulillah. Unalala vizuri? Alhamdulillah. Leo amerudi kuuliza yale yale, aone kama majibu hayabadiliki.

Halikubadilika hata moja.

"Eish, mzee, yamelingana yote!" Jeptoo alifurahi. "Haya ni majibu ya kuaminika."

"Ya kuaminika?" Shufaa alishindwa kujizuia. "Mwanangu, wewe umemjulia hali, naye amekuitikia salamu. Vifungo vya shati hilo nimemfungia mimi!"

"Mama Yasmin!" Karimu alimkata jicho. "Mbele ya mgeni?"

Moyo ulimuuma Shufaa. Mkono ule utabaki hivyo hivyo kwa ajili ya adabu. Akainuka, akapakua wali na kuku kwenye sinia moja, akaliweka katikati ya mkeka. "Basi leo hakuna mgeni. Tule."

Karimu aligeuza uso. Tangu augue alikula chumbani, mlango umefungwa, kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kwao hautiwi kwenye sinia. Shufaa alilijua hilo, akajiona mkatili.

Jeptoo hakujua lolote. Alinawa, akakaa, akatia mkono wa kushoto kwenye wali na kufinyanga tonge kubwa.

Shufaa alitoa macho. Binti akasita. "Nimekosea? Natumia kushoto tangu nikiwa mdogo. Hata nyumbani walichoka kunisema."

Karimu akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, mabega yakitikisika. Shufaa naye akacheka huku machozi yanamtoka, maana kicheko hicho alikuwa amekikosa mno. Karimu akajisogeza, akasema bismillahi, akatia mkono wa kushoto mbele yao. Nusu ya tonge ikamwagika mkekani.

"Binti," alisema akitafuna, "lile swali la kula. Niulize tena."

"Unakula na wenzako bila taabu, mzee?"

"Nakula peke yangu, najificha kama mwizi. Vifungo siviwezi. Usiku silali, nawaza duka. Nautaka mkono wangu. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo mazoezi hayakatwi," Jeptoo alisema polepole. "Ila hayatalingana na ya kwanza."

"Yasilingane," alisema Shufaa, akimsogezea mumewe paja la kuku upande wa kushoto. "Andika."