Mtoto Aliyeomba Yai

Nina maoni makali juu ya picha za video kama mia mbili, na hadi mwaka huu sikuwa nimetazama hata moja. Mtaa wetu hapa Kizwite unalijua hilo na wananicheka. Wacha wacheke. Picha zangu zote nilisimuliwa na mume wangu, Benjamini, nikiwa nakanyaga cherehani.

Kila Jumapili, tukishatoka misa na kula, alikuwa anakwenda banda la video la Isdori. Saa kumi anarudi, anavuta kigoda, anakaa karibu na mashine yangu barazani na kuanza. Benjamini alikuwa fundi mwashi, na mikono yake ilisimulia kuliko mdomo. Akifika kwenye ngumi nilikuwa nasogeza pasi ya mkaa mbali, maana aliwahi kuipiga teke pamoja na adui.

Mimi kule bandani sikuwahi kwenda. Benchi za mbao, moshi wa sigara, vijana wamebanana. Mama wa jumuiya unakaa wapi pale? Isitoshe, mwenye mpishi nyumbani hahangaiki na hoteli. Kwa hiyo nilisikiliza, nikashona, nikahukumu. Polisi wa kwenye picha ni wazito wa akili. Mwanamke akikimbizwa lazima aanguke, hata barabara iwe ya lami. Na yule mwanajeshi aliyeua kambi nzima peke yake, huyo nilimlaumu miaka saba kwa hasira zisizo na sababu. Wateja wangu walikuwa wananibishia, nami simwachii mtu.

Mwaka jana Benjamini akaanza kuvimba miguu. Hospitali wakasema moyo umetanuka. Wakampa dawa, wakampa na masharti, na mwezi wa nne mwaka huu daktari akaniita pembeni, akaniambia nikae naye vizuri nyumbani. Nilielewa. Tangu hapo akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, katika chumba cha uani ambako upepo haufiki sana. Picha zikaisha. Mtu anayehema baada ya kila maneno manne hawezi kupigana na kambi nzima.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Debora alikuja kupimwa sketi. Debora ni binti wa nyumba ya pili, ana miaka ishirini. Alianza darasa la kwanza pamoja na Lucia wangu, na kila nikimpima kiuno huwa nakumbuka hilo, ila simwambii.

Lucia alikuwa wa kwanza. Juni ya mwaka 2011 nilikuwa Mwimbi kwa mama yangu, tunavuna ulezi, mdogo wake Zenon nimembeba mgongoni. Kule simu ilikuwa inashika juu ya kichuguu kimoja tu. Jumatano jioni nikapanda, nikampigia Benjamini, akasema Lucia ana homa, njoo. Nikamjibu, "Homa ya mtoto hiyo. Mpe dawa. Nikimaliza ulezi nakuja Jumamosi." Alhamisi sikupanda kichuguu. Ijumaa kabla ya saa sita akaja mtu na baiskeli. Malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Benjamini peke yake ndiye alikuwa naye wodini. Nilipomuuliza, siku ya kuzika, aliniambia hivi: "Hakuteseka. Alfajiri aliomba uji. Akanywa vijiko viwili, akalala, hakuamka." Sikuuliza tena. Vile vijiko nilivishika miaka kumi na mitatu. Kila nilipotaka kujichukia hadi mwisho, nilikuwa najiambia: alikunywa uji, akalala. Na mtaani nao, kama vile wamekubaliana, wakaacha kuniita Mama Lucia wakaanza kuniita Mama Zenon.

Sasa Debora amesimama barazani, mimi nina pini mdomoni.

"Dah, mama," akasema, "jana nimeangalia muvi imeniliza. Kuna mzee, kazi yake kuwasha taa za reli…"

"Ya mzee wa treni," nikamkatiza. Majina ya picha siyajui. Kwetu picha inaitwa kwa mtu wake. "Naijua. Nzuri, lakini yule mzee mjinga. Mtoto wake anaungua homa, theluji kila mahali, yeye anakaa kugombana na kondakta. Angeshuka akatembea."

"Si ndiyo! Mpaka mtoto anamfia mikononi."

"Hafi."

"Anakufa, mama."

"Debora, usinifundishe. Treni inafika, daktari anapanda, anamchoma sindano. Mtoto anakaa, anaomba yai la kuchemsha."

Debora akanitazama. "Yai? Mama, mle hakuna yai."

Nikamwambia ameangalia iliyokatwa. Akaniambia anayo pale pale kwenye simu. Tukabishana mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akasimama kusikiliza. Mwisho Debora akaegemeza simu yake kwenye kichwa cha cherehani, akapeleka mbele hadi mwishoni, na hivyo ndivyo nilivyotazama picha ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na futi ya kupimia shingoni.

Yule mtafsiri anayeongea Kiswahili juu ya picha alikuwa anatania muda wote. Treni ilipopita daraja, mkono wa mtoto ukateleza kutoka kwenye koti la baba yake, na mtafsiri akanyamaza. Mzee akaendelea kumwimbia. Stesheni walifika asubuhi. Daktari hakuwepo, na yai halikuwepo.

"Ile ya kipofu na mjukuu wake?" nikamuuliza Debora.

"Mjukuu anazama mtoni."

Kwangu alitoka majini, akaomba maandazi.

"Ya mwanajeshi na kambi?"

"Si wanaua katoto kake mwanzoni kabisa, mama. Ndiyo maana ana hasira muvi nzima."

Kwangu yule mtoto alikuwa kwa bibi yake, anaomba maziwa.

Kwanza nilicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Watu wazima Benjamini aliwaacha wafe kwa mamia, tena kwa raha zake. Watoto aliwaponya wote, mmoja mmoja, Jumapili kwa Jumapili, ili mimi niendelee kushona. Nikaona mapenzi, nikaona haya, nikasema moyoni, mzee huyu!

Halafu nikaukumbuka uji.

Watoto wote aliowaponya mume wangu waliomba chakula. Ndivyo alivyokuwa anawaponya.

Sketi ya Debora niliikata vibaya siku ile, nikamlipa kitambaa chake. Kwa siku nne sikumwambia Benjamini neno lisilo la dawa wala la maji. Nilibamiza masufuria. Nilimpa uji, nikamtazama anavyokunywa, nikachukia kikombe. Nilikuwa na hasira na mgonjwa, na sioni haya kusema hivyo. Lakini nilikuwa na hofu pia, maana pumzi yake ilikuwa inapungua kila siku, na Lucia wangu, saa zake za mwisho zote, alikuwa humo ndani yake. Akiondoka anaondoka nazo.

Jumapili saa kumi nikaingia chumba cha uani na kigoda chake, nikakaa.

"Leo nakusimulia mimi," nikasema. "Nimetazama picha."

Akatabasamu. "Wewe? Ipi?"

"Ya mzee wa treni."

Tabasamu likabaki pale pale usoni lakini macho yakaondoka. Nikaanza. Nikasimulia taa za reli, theluji, homa, kondakta. Aliniacha niende, kisha akasema, kwa pumzi fupi, "Unasimulia vibaya. Umeruka pale mzee anapouza saa yake." Nikarudi, nikaweka saa. Nikafika darajani. Nikasema mkono ukateleza. Nikasema mtoto akafa kabla ya stesheni.

Nje upepo ulikuwa unapiga bati.

"Hakuomba yai," nikasema.

"Hakuomba," akasema.

"Na uji, Baba Lucia?"

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu tulipotoka makaburini. Alifumba macho, nikadhani atachukua njia ya wagonjwa, ya kujifanya amelala. Machozi yakamtoka kwanza. Ndipo akasema.

"Hakuomba uji. Alikuita."

"Lini?"

"Tangu Alhamisi jioni. Mpaka asubuhi."

Nilisikia mwenyewe sauti niliyotoa. Haikuwa ya kulia, ilikuwa kama ya mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unakuja." Akapumzika. "Kila alipouliza, nilikusogeza. Nikasema mama kashatoka Mwimbi. Nikasema mama yuko Kaengesa, gari linapakia abiria. Mama kashuka stendi. Mama anapanda ngazi za hospitali."

"Ukanifikisha wapi?"

"Mlangoni. Nilisema huyo, anavua viatu." Mkono wake ulinyanyuka kuonyesha mlango, kama zamani, ukashindwa kufika. "Akageuza uso kuangalia mlango. Basi. Ikawa hivyo."

"Aliniona? Alidhani ameniona?"

Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. Kwa mtu aliyewatoa watoto mtoni na kwenye theluji, hili lilikuwa neno moja tu.

"Hapo sijui, Mama Lucia," akasema. "Hapo sitaongeza."

Nikamwambia ameniibia miaka kumi na mitatu. Akasema ningekufa. Nikasema ningekufa na changu. Baadaye nilipanda kitandani na viatu vyangu, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaegemea mito ile mitatu pembeni yake, tukamlilia mtoto wetu pamoja kwa mara ya kwanza. Siku ya kuzika tulilia, lakini kila mtu alilia upande wake. Jumapili hiyo niliapa kwamba katika nyumba hii hakuna mtu atakayepewa tena mwisho wa uongo.

Mwezi wa saba baridi ya Sumbawanga iliingia hadi ndani ya mablanketi. Zenon wetu alikuwa shule ya bweni upande wa Kaengesa, kidato cha tatu. Jumatano nikapiga simu ya mwalimu wake, nikaomba nimpate. Nikamwambia, "Baba yako amezidiwa, njoo."

"Mama, tuna mitihani," akasema. "Jumamosi asubuhi tunamaliza wa mwisho. Nakuja mchana. Baba si alikuwa hivyo hivyo hata likizo?"

Nilisimama na simu sikioni. Nilimsikia mwanamke juu ya kichuguu. Nilitaka kupiga kelele, acha kila kitu, toka sasa hivi, na nusura niseme hivyo, ila nilisema, "Jitahidi, mwanangu." Ni mtoto mzuri. Anapenda kusoma. Sikujua namna ya kumtisha.

Jumamosi alfajiri Benjamini alianza kumuulizia. Zenon yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani, na kadiri saa zilivyokwenda ikawa ndiyo kweli, alikuwa njiani. Saa nne aliuliza tena, mara mbili. Ya tatu ilikuwa jina tu. Nilimshika mkono. Sikumvulisha mtu viatu mlangoni, nilisema tu, "Nipo mimi." Akatazama upande wangu.

Zenon alifika saa saba. Akakuta viti vya kukodi vimeshapangwa uani na Isdori amefunga banda lake, amekuja kufunga turubai. Akapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, na sweta lake la shule, na kalamu bado mfukoni. Akaingia chumbani nilikokuwa nimekaa na akina mama, akapiga magoti mbele yangu. Hakulia. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Mama. Baba aliniulizia?"

Nilijua ninachotakiwa kusema. Nilikuwa nimekisubiri tangu asubuhi, nilikuwa nimekiapia. Nikamtazama usoni, ana miaka kumi na mitano, na ndevu tatu kidevuni alizozirithi kwa baba yake, na anangoja.

"Aliomba uji, mwanangu," nikasema. "Akanywa vijiko viwili. Akalala."