Zamu ya Mafuriko

"Mama Joash! Maji imeingia jikoni!"

Edinah Nabalayo alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji, mvua ikimchapa usoni, na sauti ya jirani yake Kuluthum ikamfikia kutoka kule chini. Nyumba ya Kuluthum ndiyo ya mwisho kwenye mfereji huu wa Kabazi. Alihamia kutoka mjini akanunua kiwanja cha chini kwa sababu ndicho alichokiweza. Leo kila mwenye shamba juu yake alikuwa ameziba mlango wake wa maji kwa mbao na magunia ya mchanga, na mafuriko yote yakawa yanamteremkia yeye.

Edinah ndiye aliyechaguliwa na wakulima kugawa maji. Wakati wa kiangazi hana mchezo: zamu yako ikiisha, anafunga. Mchungaji mwenyewe aliwahi kufungiwa maji vitunguu vyake vikiwa nusu vimelowa, na Jumapili akamsalimia vizuri tu, maana alijua hakuonewa.

Alishuka hadi shambani kwake. Kabeji zilikuwa zimefunga vichwa, kubwa, za kuvunwa wiki hiyo. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Kisha akainama, akang'oa mbao za mlango wake, na maji ya matope yakaingia kwa kishindo yakazilaza kabeji.

Mfereji ulipungua, lakini si vya kutosha. Akapanda kwa Ndung'u, mwenye shamba kubwa la karoti, aliyekuwa akilinda magunia yake chini ya mwavuli.

"Fungua, mzee."

"Mama Joash, tunagawana maji ya kiangazi. Hii ni mafuriko. Hii ni ya Mungu."

"Na ile ya kiangazi ilikuwa ya nani?"

Ndung'u alikohoa. "Nikifungua, karoti yangu inaoza."

"Tukiigawana sisi wote, itafika tu hapa, kwenye vifundo vya miguu. Ikienda kwa Kuluthum peke yake, inabeba nyumba. Mimi nimefungua yangu."

Ndung'u aligeuka akatazama chini. Pale palipokuwa na kabeji palikuwa na maji matupu.

"Zote?"

"Zote."

Edinah hakubishana zaidi. Alipiga magoti kwenye tope, akalikumbatia gunia la juu, akavuta. Lilikuwa limelowa, halikutikisika. Akavuta tena, akihema.

Ndung'u aliufunga mwavuli, akauweka kando.

"Hutaliweza peke yako," alisema, akainama. "Shika huko."