Njia ya Mawe Yaliyokataliwa

Kila Jumanne, saa nne kasorobo, Mjomba aliingia ofisi ya madini na jiwe. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye alisukuma mlango kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa imelikumbatia, akaenda moja kwa moja hadi meza ya mpwa wake, akalilaza juu ya gazeti kama analaza mtoto mchanga. Kisha ndipo alipovua kofia.

"Shikamoo, mjomba," mpwa wake alisema, huku moyoni akihesabu moja mpaka kumi.

"Marahaba, mwanangu. Leo ndilo lenyewe."

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumanne lilikuwa ndilo lenyewe.

Ofisini mpwa huyo walimwita Mpimaji, na kazi ya kupima mawe ya watu ni kazi ya kuua moyo. Watu hawajui kimondo ni nini. Wakisikia ni jiwe lililoanguka kutoka angani, basi kila jiwe jeusi linalowakwaza njiani limetoka angani, na kila mwenye nalo ni tajiri mtarajiwa anayecheleweshwa na mwanamke mmoja mwenye miwani. Vipimo vyenyewe ni vinne tu. Unaligusa kwa sumaku. Unalisugua nyuma ya kigae cha sakafuni, upande usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu au mweusi, ni jiwe la hapahapa duniani. Unalikwangua kwa tupa uone kama ndani kuna chembe za chuma zinazometa. Mwisho unalitazama kwa lenzi. Robo saa imekwisha, na mtu anaondoka amenuna.

Mjomba peke yake hakuwahi kununa, na hilo ndilo lililomchosha Mpimaji kuliko yote. Mtu akikutukana unajua pa kumweka. Mjomba alimlea tangu ana miaka sita, akampeleka shule kwa baiskeli, na siku alipopata kazi hii alitembea mtaa mzima akiwaambia watu kwamba sasa nyumbani kwao kuna mtu asiyedanganywa na jiwe. Kisha akaanza kununua vimondo.

Alivinunua kwa mchuuzi mmoja aliyeitwa Bwana Cheti, kwa sababu kila jiwe aliloliuza lilikuja na cheti chenye muhuri mwekundu, na kila cheti kiliapa kwamba jiwe ni halisi, na vyote vilikuwa vya mwandiko mmoja. Baiskeli ile ya shule ilikwenda kwa Bwana Cheti. Redio ikafuata. Cherehani ya mke wa mjomba nayo ikaenda, yakarudi mawe matatu.

"Mjomba, huyu mtu ni tapeli," Mpimaji alimwambia mara isiyo na idadi.

"Najua."

"Sasa kama unajua?"

"Mtu anayeuza uongo kila siku, mwanangu, iko siku atauza ukweli bila kujua. Nami siku hiyo nataka niwe nimesimama hapo."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Sikio la kufa halisikii dawa.

Sebuleni kwake palikuwa na kabati la vioo, lenye taa yake ndogo na kitambaa cheusi cha mahameli, na juu ya mahameli hapakuwa na kitu. Lilikaa tupu miaka yote kumi na mmoja. Cheti cha Bwana Cheti hakikuweza kuingiza jiwe humo. Kilichoweza ni neno la mpwa wake tu. Yaliyokataliwa hakuyatupa. Aliyapanga uani kwa saruji na mwiko, jiwe baada ya jiwe, yakawa njia ya kutoka getini kwenda mlangoni. "Mpwa wangu akisema si kimondo, jiwe limepata kazi," alisema. Karatasi ya vipimo ya kila jiwe aliitoboa na kuitunza kwenye jalada. Mke wa mjomba alisema angalau siku hizi mvua ikinyesha hakanyagi tope, ingawa kama angeulizwa, angependelea tope na cherehani.

Ndipo ikaja ile wiki ya mwanga. Mwanga mkubwa ulipita angani jioni moja, ukaonekana na kila mtu, na kesho yake foleni ya ofisi ya madini ilifika ngazini. Mmoja alileta kaa la mawe. Mmoja alileta kipande cha breki ya lori na kuapa kwa jina la mama yake. Mwingine alileta pasi ya mkaa isiyo na mpini, akataka apewe risiti. Mpimaji alipima hadi vidole vikawa vyeusi, akatukanwa mara tatu kabla ya saa sita, na alipoinua macho akaona kofia ya Mjomba. Alikuwa amepanga foleni kama watu wengine, jiwe kifuani, mvumilivu, anatabasamu.

Jiwe lenyewe halikuwa na sura. Lilikuwa jeusi, kama viazi viwili vilivyoshikana, na juu yake cheti chenye muhuri mwekundu. Mpimaji aliuona muhuri ule na damu ikampanda kichwani. Alichukua karatasi, akaandika namba, akatia alama kwenye sumaku, kwenye kigae, kwenye tupa, kwenye lenzi, zote nne mfululizo, akasaini. Kigae kilikuwa pale pale chini ya kiwiko chake. Hakukigusa.

"Si kimondo, mjomba."

"Haya, mwanangu. Ahsante. Ule, basi, maana umekonda." Akavaa kofia, akaondoka. Kipande kidogo cha jiwe, kama punje ya haragwe, kilikuwa kimebaki kwenye gazeti. Kwa mazoea tu, Mpimaji alikifunga kwenye karatasi, akaandika namba, akakitupa kwenye droo. Kisha akamwita mwenye pasi.

Wiki tano baadaye, wiki ambazo Mjomba hakuja na jiwe kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu cha kuuza tena, droo ile ilikwama. Aliivuta kwa nguvu ikamtoka, vipande vyote vikamwagika sakafuni, na alipokuwa anavirudisha huku akilaani mafundi wa meza, aliona kimoja kimefunuka. Upande mmoja kilikuwa na ngozi nyeusi nyembamba kama ganda la yai. Ndani kilikuwa cha kijivu. Alikisugua kwenye kigae bila kufikiri, mkono umezoea, na kigae kikabaki safi. Akachukua tupa. Chembe zikameta. Akachukua lenzi, na mle ndani akaona vitone vya mviringo vimebanana, vile ambavyo vitabu vyote vinasema havimo katika jiwe lolote la duniani.

Alimpelekea mkuu wake. Mzee yule alikitazama muda mrefu, akafuta lenzi, akakitazama tena.

"Jiwe lenyewe liko wapi?"

Mpimaji alisoma namba kwenye karatasi, akafungua daftari la mapokezi. Jina lililoandikwa hapo lilikuwa la Mjomba.

Alijua jiwe liko wapi. Alikuwa amelikanyaga Jumapili mbili zilizopita akiingia kula.

Jioni hiyo alimkuta Mjomba uani amechuchumaa, anafagia njia yake. Mawe mia tano na zaidi, kila moja uso juu, yakiwa yameoshwa. Njia ilikuwa imefika mlangoni, na la mwisho kabisa, mbele ya kizingiti, lilikuwa jeusi, kama viazi viwili vilivyoshikana.

"Mjomba, lile la mwisho," alisema bila hata salamu. "Ni kimondo."

Mjomba hakuruka, wala hakucheka. Aliweka ufagio chini polepole. "Lipi?"

"Hilo la kizingitini. Nilikosea. Ni halisi, mkuu wangu ameona. Tulitoe tu, tulisafishe, liingie kabatini leo leo."

Macho ya mzee yalijaa maji, na Mpimaji akajua kwamba hapo angeweza kunyamaza na mambo yakaisha vizuri. Lakini Mjomba alikuwa ameshaingia ndani, akarudi na jalada. Alifunua karatasi ya mwisho, akaisogeza mbali na macho yake ili aisome.

"Hapa umeandika ulilipitisha kwenye kigae."

"Sikulipitisha."

"Na tupa?"

"Sikufanya chochote, mjomba. Nilikuwa nimechoka. Niliona muhuri wa yule mtu nikakasirika. Nilitia alama tu." Alivua miwani akaishika. "Nisamehe."

"Nimekusamehe," Mjomba alisema papo hapo, kwa sababu hakujua kufanya vingine. Kisha akafunua karatasi moja nyuma. "Na hili?"

"Hilo nililipima."

"Alama ni zilezile."

"Najua. Lakini hilo nililipima kweli, mjomba. Yote mengine niliyapima. Ni hilo moja tu."

Mzee alizitazama karatasi, akaitazama njia kutoka mlangoni hadi getini. Hakuwa na hasira, na Mpimaji angelipa chochote aione hasira. Alikwenda stoo, akarudi na sururu.

Mke wa mjomba alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Unataka kufanya nini wewe?"

"Nayatoa."

"Yote? Nitapita wapi mimi?"

"Kwenye tope," Mjomba alisema kwa upole, akalipita jiwe la kizingitini bila kulitazama, akaenda hadi getini.

"Mjomba, anza na lile," Mpimaji alisema akimfuata. "Lile tunalijua. Litoe tukaliweke kabatini."

"Litangoja. Lilisubiri kule juu miaka mingapi? Likiingia leo, nitakaa nalo nikifikiria haya mengine." Akapiga sururu, saruji ikapasuka. Jiwe la kwanza likatoka, lile la miaka kumi na mmoja iliyopita, lililonunuliwa kwa baiskeli. Alilipangusa kwa kiganja, akampa.

Mpimaji alikuwa na kigae kwenye mkoba; siku zote alikuwa nacho. Alipiga magoti kwenye vumbi, akalisugua jiwe. Mstari ulitoka mwekundu, mnene, mwekundu kiasi kwamba hata kipofu angeunusa.

"Si kimondo, mjomba."

Mjomba aliinama kuutazama mstari. Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kuinama kutazama.

"Rudia," alisema.